Pua ya Pilnam

Lilikuwa ua moja tu, la njano, dogo kuliko kifuniko cha chupa, na Pilnam aliliona kwa sababu alirudi kuchukua kisu alichokisahau.

Alikuwa ameshavuna, kapu limeshaondoka, na mgongo umeshaanza kulalamika. Akapiga magoti kwenye tuta la mwisho la shamba la chini, chini ya ile neti nyeusi ya kivuli, akawa anapapasa katikati ya majani akitafuta mpini. Mkono ukagusa ubua laini. Akainamisha kichwa, akaliona ua, na jambo la kwanza alilofanya mwanamke yule ni kutabasamu. Akili ya mtu wa miaka sitini na tisa ina ngazi zake za kupanda kabla haijafika juu. Ilipofika, tabasamu lilikauka mdomoni.

Gomchwi haichanui mwezi wa tano. Gomchwi, mboga ya dubu, hutoa maua yake ya njano mwezi wa nane, mvua kubwa zikishapita, juu ya ubua mrefu kama fimbo ya mchungaji. Mwezi wa tano ina majani tu, mapana, ya mviringo, yenye meno ukingoni, na hayo ndiyo watu wa kijiji cha Deokgol wanayoyafungia wali na nyama na kuyala mabichi. Mmea mwingine mmoja tu wa milima ile una jani la namna hiyo hiyo na huchanua njano wakati wa kuchipua. Wenyewe wanauita jani la mtungi, kwa kuwa unapenda kukaa majini. Jani la mtungi ni sumu.

Pilnam akaligeuza lile jani. Meno yake yalikuwa butu. Akalitazama la pembeni yake, nalo butu. La tatu lilikuwa na meno makali, zuri, gomchwi halisi. La nne hakuweza kusema. Na asubuhi ile ile, kwenye ukungu, alikuwa ameyakata yote pamoja na kuyapanga kapuni mwenyewe.

Kapu lilikuwa limekwenda majarubani kwa Mama Yeongsil, ng'ambo ya mto, ambako watu kumi na wanne walikuwa wameinama tangu alfajiri wakipandikiza mpunga. Lilikuwa la chakula chao cha mchana. Na aliyelibeba kichwani, huku amejishika kiuno kwa mkono mmoja, alikuwa Haewon, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi sita iliyosubiriwa kwa miaka saba.

Jua lilikuwa karibu utosini. Pilnam alikiacha kisu hapo hapo, akaanza kukimbia.

Ni lazima niseme habari ya pua yake, maana bila pua hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwamini mtu kiasi kile.

Alizaliwa binti wa tano, na baba yake akampa jina la Pilnam, yaani safari ijayo lazima aje wa kiume. Wa kiume hakuja. Alichokuja nacho Pilnam ni pua. Akiwa na miaka kumi aliweza kufumba macho mlimani akakwambia kushoto kuna gomchwi, kulia kuna uyoga, na yule anayekuja nyuma yetu amekunywa. Kila mwaka theluji ikishayeyuka, wanawake wa Deokgol waliporudi na makapu yao kutoka mlimani, walipitia langoni kwake kwanza. Alitia pua kapuni, akachomoa jani moja, akalitupa. "Hili lingekuua," alikuwa akisema, kama mtu anayekwambia kifungo chako kimefunguka. Katika miaka arobaini hakuna aliyeugua.

Ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kuishusha gomchwi kutoka mlimani na kuifanya ikae shambani. Marehemu mumewe alimcheka. "Mboga ya dubu mwachie dubu," alisema. Pilnam aliweka neti ya kivuli kwa kuwa mmea ule haupendi jua la uso kwa uso, akatandaza majani makavu ya mwaloni ili udongo usikauke, na kila baada ya miaka mitatu akayagawa mashina mapema kabisa, kabla hayajafungua majani. Mumewe alikufa akiwa na matuta matano ya mboga ya dubu na bila la kusema.

Sasa, mwezi wa kwanza mwaka huu, Pilnam alishikwa na homa. Ilimlaza siku tisa. Siku ya kumi aliamka, akabandika wali, akaketi karibu na jiko akishona soksi, na aliyekuja kumwambia kwamba wali unaungua alikuwa Seokju, mwanawe, akiwa mlangoni, jikoni kumejaa moshi. Yeye alikuwa amekaa ndani ya moshi ule na hakusikia harufu yoyote. Alisikia macho yanawasha tu, akadhani ni uzee.

"Mama," Seokju alisema, "ukiunguza sufuria nyingine nakuchukua mjini. Sikutanii."

Seokju anafanya kazi mjini Wonju, anakaa na Haewon ghorofa ya kumi na moja, na huja kijijini mama akiugua au mpunga ukipandikizwa. Pilnam aliwahi kulala huko siku tatu akaona kinyaa cha kukanyaga sakafu iliyo juu ya dari la mtu. Basi akanyamaza. Alingoja pua irudi, mwezi wa pili, mwezi wa tatu, haikurudi. Kila asubuhi alifungua gudulia la kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachushwa, akaingiza uso mzima, akatoka na machozi ya pilipili na hana alichosikia. Hakumwambia mtu.

Mwenye siri huwa fundi wa kuificha. Wanawake walipoleta makapu langoni, aliinamisha pua kama zamani, akakunja uso, halafu akauliza, "Wewe unaonaje?" Mwenye kapu akijibu kwa kusitasita, analitupa jani. Akijibu kwa uhakika, analirudisha. Walidhani anawafundisha. Mama Yeongsil, jirani yake na mshindani wake tangu wote wawili wakiwa maharusi, alisema, "Siku hizi Mama Seokju amekuwa mwalimu. Kesho atatutoza ada."

Na mwisho wa mwezi wa tatu alikwenda mlimani kuchimba mashina ya kujazia shamba la chini. Alikwenda pale pale anapokwenda siku zote, juu ya kijito, kwenye jiwe lenye umbo la kiatu. Lakini mafuriko ya mwaka uliopita yalikuwa yamekisogeza kijito, na pakavu pa zamani palikuwa pamelowana. Aliona ule unyevu. Mashina yalikuwa bado yamelala, vichipukizi tu vinachungulia, na shina lililolala halina jani la kukuonyesha meno. Ungelivunja tu ukanusa. Pilnam alilivunja moja, akalipeleka puani kwa mazoea, akavuta pumzi ya hewa tupu, akasema kwa sauti, peke yake porini, "Ndiyo yenyewe."

Neno hilo ndilo lililokuwa likimkimbiza sasa.

Magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani, na njia ya kutoka shambani ilikuwa mteremko mtupu wa mawe. Alikimbia mikono imetanuliwa, kiatu kimoja cha mpira kikamtoka, hakukirudia. Kichwani alikuwa akiwahesabu: Mama Yeongsil na mumewe, Mwenyekiti Bae na mkewe, Babu Heo, Seokju, Haewon. Kila akifika kwa Haewon hesabu ilivunjika akaanza upya. Alikuwa akiomba huku akikimbia, hajui anamwomba nani, roho ya mlima au marehemu mumewe. "Wachelewe. Wachelewe kula. Wali usiive. Mvua inyeshe." Mbingu ilikuwa nyeupe haina hata wingu moja.

Alipofika njia panda aliona kwamba hafiki. Majaruba yalikuwa mbali bado, ng'ambo ya daraja, na aliwaona watu wadogo wadogo wanatoka majini, wanakwenda kuketi kwenye kivuli cha mipopla. Alipiga ukelele. Sauti haikufika hata kwenye daraja.

Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa hapo hapo njia panda, na juu ya paa lake nguzo, na juu ya nguzo vile vipaza sauti viwili ambavyo kila asubuhi huwaamsha watu wa Deokgol kwa wimbo na habari za mbolea. Lango lilikuwa wazi. Mbwa alimbwekea, akampita. Akaingia bila kuvua kiatu kimoja alichobaki nacho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ya mtu maisha yake yote, na akaiona mashine mezani, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa.

Hakuwahi kuigusa. Alibonyeza kila kilichobonyezeka. Wimbo ukalipuka juu ya paa, wa mapenzi, bondeni kote. Akabonyeza tena, wimbo ukakatika, na akasikia pumzi yake mwenyewe inavuma milimani kama ng'ombe anayezaa.

"Msile!" alisema. "Ni mimi Pilnam. Mama Seokju. Msile majani ya kapuni! Kuna jani la mtungi humo. Wekeni chini!"

Kupitia dirishani aliwaona wale watu wadogo chini ya mipopla. Mmoja aliinua mkono, akaupunga. Walikuwa wanacheka! Aliwajua hao. Alijua Mama Yeongsil anasema nini muda huu: eti Mama Seokju na pua ile akosee? Amepewa pombe ya mchele huyo, amekwenda kuchezea mashine ya watu. Miaka arobaini ya kuaminiwa ilikuwa imekaa pale kivulini inawazuia kumwamini.

Palikuwa na njia moja tu ya kuiondoa.

"Pua yangu imekufa," alisema Pilnam.

Milima ilimrudishia maneno hayo, *imekufa, imekufa*, na akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Tangu homa ya mwezi wa kwanza. Sisikii harufu ya kitu. Makapu yenu niliyoyanusa mwaka huu, sikunusa. Niliwadanganya. Wali niliunguza nikiwa nimekaa pembeni yake. Majani hayo sijui ni yapi, nasema kweli, sijui. Haewon, mwanangu, tema. Kama umetia mdomoni tema!"

Hakuna aliyepunga mkono tena. Akauacha mtambo unavuma, akatoka mbio.

Alipovuka daraja waliinuka karibu wote, na waliosimama walikuwa wameshika kitu mkononi. Kila mtu na jani lake limefungwa tayari, na ndani wali, kipande cha nyama ya nguruwe na rojo la soya, wameyashika mbali na mwili utadhani yana miiba. Pilnam alielewa, akamshukuru yule aliyekuwa akimwomba. Hapo Deokgol hakuna anayetia tonge mdomoni kabla mkubwa wa wote hajatia lake. Mkubwa wa wote alikuwa Babu Heo, miaka themanini na minne, na Babu Heo hula baada ya kumaliza hadithi, na hadithi zake ni ndefu. Wote walikuwa wanamsubiri.

Lakini Babu Heo ni kiziwi. Kipaza sauti hakikumfikia. Alikuwa amemaliza hadithi yake, ameona watu wamesimama wameduwaa, akasema moyoni vijana wa siku hizi, na akala. Alikuwa anatafuna.

"Babu, tema!" Mwenyekiti Bae alikuwa amepiga magoti mbele yake anamshika taya. Babu Heo aliona wazi kwamba mtu anataka kumnyang'anya tonge lake, akafunga mdomo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akameza.

"Umeshika nini wewe? Kula lako!" alifoka.

Pilnam hakusimama kwake. Mungu amsamehe, alimpita mzee wa watu kama alivyompita mbwa. Alikwenda moja kwa moja kwa Haewon, aliyekuwa ameketi pembeni juu ya kitambaa, jani liko mapajani, halijaumwa.

"Hujala," alisema Pilnam. "Sema hujala."

Haewon akainamisha uso.

"Hilo sijala, Mama."

"Lipi umekula?"

"Jikoni," alisema Haewon, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. "Nilipokuwa nayaosha. Njaa ilinishika, Mama, ile njaa ya mtoto. Nilikula mawili."

"Kabla ya wazee?" alisema Mama Yeongsil, na hata wakati ule, hata na hofu ile, wanawake wawili watatu waliguna. Kisha wakaelewa walichosikia, na hakuna aliyeguna tena. Mama Yeongsil mwenyewe ndiye aliyekimbia kumwita Seokju aliyekuwa mtoni ananawa.

Babu Heo alianza kutapika kabla pikapu haijawashwa. Walimpandisha mbele, na Haewon katikati, na Seokju akashika usukani uso umempauka. Pilnam alipanda nyuma pamoja na kapu. Mtu alisema acha hilo kapu. Alisema, "Daktari atataka kuliona," na akalikumbatia.

Barabara ya kwenda kliniki ni dakika arobaini, na dakika zote arobaini Pilnam alikuwa amepiga magoti, uso umebanwa kwenye kioo cha nyuma, anaitazama shingo ya Haewon. Ilikuwa shingo nyembamba yenye nywele ndogo ndogo zilizolowa jasho. Ikiinama kidogo, moyo wake ulisimama. Ikiinuka, ulianza tena. Mara moja Haewon alijishika tumbo kwa mikono miwili, na Pilnam akapiga kioo kwa kofi mpaka Seokju akafunga breki. Haewon akageuka, akatikisa kichwa: mtoto amegeuka tu. Pilnam hakuamini. Alitaka kuingia ndani ya mwili ule na kuyatoa yale majani mawili kwa vidole vyake.

Wahenga hawakosei: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini wahenga hawakusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kumwendea mtu mwingine.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Babu Heo alilazwa, akatundikiwa dripu, akaendelea kutapika na kutukana kwa zamu. Haewon alilazwa kitanda cha pili. Hakuwa na maumivu. Mdomo hauwashi, alisema, ulimi haujafa ganzi.

"Amekula muda gani uliopita?"

"Saa moja na nusu," alisema Seokju.

"Sumu hii mara nyingine hukawia. Inategemea amekula nini." Daktari akamgeukia Pilnam. "Yale aliyokula jikoni, mama, yalikuwa ya kweli au ya sumu?"

Watu wote wakamtazama. Miaka arobaini swali hilo lilikuwa lake, na jibu lilikuwa lake. Pilnam akalimimina kapu lote mezani, kwenye karatasi za daktari, akachukua jani, akalitazama kwa macho yake mabovu yaliyozoea kuitegemea pua, akaliweka. Akachukua jingine.

"Sijui," alisema, na akaanza kulia mbele ya kijana wa watu. "Sijui, daktari. Sijui."

"Nipe," alisema Haewon kutoka kitandani.

Aliketi. Akafumba macho. Akalikunja jani la kwanza mpaka likapasuka, akalipeleka puani. "Hili gomchwi." Akalikunja la pili. "Hili gomchwi." La tatu alilinusa mara mbili. "Hili halina kitu. Maji matupu." Akaliweka kando. Aliendelea hivyo bila haraka, na chumbani hapakusikika kitu ila Babu Heo. Mwisho wa yote palikuwa na rundo kubwa upande huu na majani kumi na moja upande ule. Daktari aliyashika yale kumi na moja, akayalinganisha na picha iliyo katika kitabu chake, moja moja. Yote yalikuwa na meno butu.

"Nani alikufundisha?" aliuliza Pilnam.

"Wewe. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa, mlimani. Nilikuwa nalalamika kuhusu kupe. Ukasema, usitazame, kutazama ni kazi ya mjini, fumba macho." Haewon akajifuta vidole kwenye shuka. "Na yale ya jikoni, Mama, yalinukia. Harufu yake ndiyo iliyonitia wazimu. Jani lisilo na harufu ningelila kwa nini?"

Pilnam alitaka kuamini. Alikuwa ameona rundo, ameona kitabu. Lakini hofu haijui kusoma. Aliketi kwenye kiti cha chuma tangu saa nane mpaka saa kumi na mbili, ameshika kifundo cha mguu wa Haewon chini ya blanketi, na kila baada ya muda aliuliza, "Na sasa?" Haewon alijibu, "Hamna, Mama." Baadaye alijibu, "Hamna," na baadaye alilala, na Pilnam akaogopa zaidi, akawa anainamia mdomo wake kusikiliza kama anapumua. Saa kumi na mbili Babu Heo alidai uji. Daktari akasema wote wawili watapona, na mtoto ana moyo wa farasi.

Waliporudi, Seokju alizima gari langoni.

"Kesho utafunga nguo zako, Mama."

"Nitafunga," alisema Pilnam.

Kesho yake, umande haujakauka, alikuwa shamba la chini na kijembe. Hakuwa anachagua. Aling'oa shina baada ya shina, gomchwi na jani la mtungi pamoja, akiyatupa kwenye njia mizizi juu. Ile neti nyeusi ilikuwa imefunuliwa. Hakulia. Aliona kwamba shamba lisilo na mtu wa kulinusa ni mtego, na mtu mwenye haki hahami akaacha mtego umetegwa. Alishamaliza nusu ya tuta alipoona miguu ya Haewon imesimama mbele ya kijembe.

"Rudi ndani. Kuna baridi."

Haewon hakurudi. Alijishusha taratibu, mkono mmoja tumboni, mwingine ardhini, mpaka akaketi kwenye udongo. Akachuma jani dogo kutoka shina lililofuata, akafumba macho, akalinusa.

"Hili acha, Mama."

"Hata kama ni—"

"Acha." Akasogea. Akanusa la pili. "Hili ng'oa."

Pilnam aling'oa. La tatu, acha. La nne, acha. La tano, ng'oa. Kule juu barabarani Seokju alikuwa amesimama na funguo za pikapu mkononi, na pembeni yake Mama Yeongsil na kapu lake la mlimani limefunikwa kitambaa, hajui alipeleke kwa nani. Hakuna aliyewaita.

"Seokju anasema twende kabla ya saa nne," alisema Pilnam bila kuinua macho.

"Hili tuta moja litatuchukua mpaka adhuhuri. Na una matano." Haewon akanusa. "Hili acha. Na mimi siwezi kusafiri na mgongo huu. Mwambie mwanao."

Wakaendelea. Kijembe kilikuwa kinangoja neno lake kila mara, na kila alipoambiwa "acha" Pilnam alikishusha kwa shida, kwa maana aliona jani la mviringo lenye umande na hana habari nyingine yoyote kuhusu jani lile. Mtu aliyejiamini maisha yake yote hajui aanzie wapi kumwamini mwingine. Mwisho wa tuta alisimamisha kijembe.

"Hili lililo hapo," alisema. "Una hakika?"

"Gomchwi, Mama."

"Hakika kabisa?"

Haewon akalichuma jani lenyewe, akampa.

Pilnam alilishika. Alilipeleka puani, akavuta pumzi. Hamna. Akalitazama meno yake mpaka macho yakajaa maji, na moyo ulikuwa unamdunda kama jana mteremkoni. Kisha akalikunja mara nne, akalitia mdomoni, akatafuna, na huku anamtazama mkwewe machoni, akameza.